Programu Mpya, Sheria Mpya: Hoja juu ya Kuta za Moto za Kompyuta

Mlinzi wa lango la shule aliyepewa daftari la amri miaka mitano iliyopita aweza kulisoma leo neno kwa neno, akalitii bila kosa, na bado akamruhusu mtu asiyestahili kuingia. Yatosha maana ya neno moja katika amri hizo kubadilishwa bila yeye kuarifiwa. Ikiwa jana neno "mgeni" lilikuwa na maana ya mzazi wa mwanafunzi, na leo lina maana ya mpita njia yeyote, utii wa mlinzi hauwezi kuiokoa shule.

Kwa mlinzi wa kibinadamu jambo hili laonekana kama kichekesho. Katika kompyuta, hata hivyo, hutokea kweli, na hutokea hasa pale programu ya kupangia ukuta wa moto inapotolewa upya. Fundi huandika amri zile zile alizojifunza zamani, kompyuta huzipokea bila kulalamika, lakini mlango uliokuwa umefungwa huwa wazi. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa kutumia mfano wa programu moja inayotumika katika nchi nyingi, na kutetea hoja moja: kwamba elimu ya kompyuta inayomfundisha kijana kukariri amri, bila kumfundisha kanuni zilizo nyuma ya amri hizo na desturi ya kusoma maelezo ya kila toleo jipya, inatengeneza walinzi wa namna ya yule aliyetajwa hapo juu.

KAZI YA UKUTA WA MOTO

Jina "ukuta wa moto" limetoka katika kazi ya ujenzi. Ukuta wa namna hiyo hujengwa kati ya sehemu na sehemu ya jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke hadi upande wa pili. Katika kompyuta hakuna matofali wala saruji, lakini wazo ni lile lile: kuzuia madhara ya sehemu moja ya mtandao yasienee hadi sehemu nyingine.

Habari zinazosafiri katika mtandao hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huchukua, mbali na habari yenyewe, anwani ya kompyuta inakotoka, anwani ya kompyuta inakokwenda, na mara nyingi namba ya poti, yaani namba inayoonyesha ni huduma ipi ndani ya kompyuta hiyo inayotafutwa. Namba ya poti huandikwa kwa tarakimu 16 za mfumo wa namba mbili, na kwa hiyo kuna namba 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. Poti ya 22 hutumika kwa kuiongoza kompyuta kutoka mbali, poti ya 53 kwa kutafuta majina ya kompyuta, na poti ya 443 kwa kurasa za intaneti zilizofichwa kwa maandishi ya siri.

Ukuta wa moto husoma anwani na namba hizo, ukazilinganisha na orodha ya kanuni, kisha ukatoa hukumu. Hukumu za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni kukubali: pakiti hupita. Ya pili ni kukataa: pakiti huzuiwa, na aliyeituma hupewa taarifa. Ya tatu ni kutupa: pakiti hupotea kimya kimya, na aliyeituma hubaki akisubiri jibu lisilokuja. Mwanafunzi anayetaka kuielewa tofauti kati ya hukumu ya pili na ya tatu na amfikirie mtu anayebisha hodi: katika hali moja huambiwa "ondoka," katika nyingine hapati sauti yoyote, asijue kama ndani mna watu.

Haja ya kuta hizi ilidhihirika mwezi Novemba 1988, wakati programu moja yenye uwezo wa kujinakili yenyewe ilipotoroka na kuenea katika maelfu ya kompyuta zilizokuwa zimeunganishwa na intaneti ya wakati ule. Programu hiyo iliandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Tangu hapo imekubalika kwamba mtandao usio na kuta ni kama kijiji cha nyumba za makuti zilizogusana: cheche moja yatosha kuangamiza zote.

TABAKA MBILI

Hapana budi msomaji atofautishe tabaka mbili za kazi hii. Tabaka ya chini ni ile inayozitazama pakiti zenyewe. Katika mfumo wa Linux, kazi hiyo hufanywa na kiini cha mfumo, na vyombo vya kukipa kanuni vimebadilika mara kadhaa: ipchains, iliyokuja na toleo la 2.2 la kiini mwaka 1999. Iptables, iliyokuja na toleo la 2.4 mwaka 2001. Na nftables, iliyoingizwa katika toleo la 3.13 mwaka 2014.

Tabaka ya juu ni programu inayomsaidia binadamu kuandika kanuni hizo. Kanuni za tabaka ya chini ni nyingi, ndefu, na hutegemeana kwa mpangilio wake. Fundi akiweka kanuni ya kumi mahali pa kanuni ya tisa, ukuta wote waweza kubadilika maana. Kwa sababu hiyo zimetungwa programu zinazoipokea nia ya binadamu kwa maneno machache, zikaitafsiri kuwa kanuni za kina.

Mojawapo ni firewalld. Programu hii ilianza kutumika kama chombo cha kawaida cha ukuta wa moto katika mfumo wa Fedora 18 mwezi Januari 2013, na katika Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014. Kabla yake, fundi aliyebadilisha kanuni moja kwa kutumia chombo cha zamani alilazimika kuuangusha ukuta wote na kuujenga upya, na mawasiliano yaliyokuwa yakiendelea yaliweza kukatika. Firewalld ilileta uwezo wa kubadilisha kanuni moja pasipo kuzigusa nyingine.

Ililetwa pia fikra ya kanda. Badala ya kuandika kanuni kwa kila kadi ya mtandao, fundi huiweka kadi hiyo katika kanda fulani kulingana na kiasi cha kuaminika kwa watu walio upande ule. Kanda iitwayo "public" ni ya mahali pa hadhara, ambapo wengine hawaaminiki. "Internal" ni ya mtandao wa ndani. "Trusted" hukubali kila kitu. Na "drop" hutupa kila pakiti inayoingia bila kuijibu. Huu ni utaratibu mzuri, kwa kuwa humlazimisha fundi kujiuliza swali la kibinadamu kwanza, yaani "nani anaaminiwa?", kabla ya swali la namba.

Aidha, programu hii hutenganisha kanuni za wakati huu na kanuni za kudumu. Kanuni ya wakati huu huanza kazi mara moja, lakini hupotea kompyuta inapozimwa. Kanuni ya kudumu huandikwa katika faili, na huanza kazi programu inapoyasoma mafaili yake upya. Mafundi wengi wanaoanza kazi hupotea hapa: hufungua mlango, huona kazi inakwenda vizuri, huenda zao nyumbani, umeme unakatika usiku, na asubuhi mlango umefungwa tena.

MABADILIKO YENYE UZITO

Kila toleo jipya la programu huja na marekebisho mengi madogo ambayo hayamhusu mtumiaji wa kawaida. Hata hivyo, katika matoleo ya firewalld ya miaka ya karibuni, yako mabadiliko matatu ambayo kila mwenye kuitumia alipaswa kuyajua.

La kwanza lilikuja na toleo la 0.6.0, mwaka 2018. Hadi hapo firewalld ilikuwa ikizitafsiri amri zake kuwa kanuni za iptables. Tangu toleo hilo, chombo cha kawaida cha chini kikawa nftables. Kwa nje hapakuwa na tofauti: amri zilikuwa zile zile. Ndani, hata hivyo, uhusiano wa ukuta huu na programu nyingine ulibadilika. Zipo programu ambazo huandika kanuni zao wenyewe kwa njia ya iptables. Kompyuta ya namna hiyo sasa ina walinzi wawili katika lango moja. Pakiti iliyokubaliwa na mlinzi wa kwanza haijapita bado. Ni lazima ikubaliwe na wa pili pia. Bali pakiti iliyotupwa na mmoja wao imetupwa kabisa, na wa pili haulizwi. Kwa ufupi, ruhusa yahitaji kauli mbili, na katazo latosha kauli moja. Asiyejua hilo aweza kukesha akitafuta kwa nini huduma aliyoiruhusu kwa mkono wake haipatikani.

La pili lilikuja na toleo la 0.9.0, mwaka 2020. Hapo ziliingizwa sera. Kabla yake kanda zilisema vizuri juu ya pakiti zinazoingia ndani ya kompyuta yenyewe, lakini hazikuwa na lugha nyepesi ya kuzungumzia pakiti zinazopita katikati, kutoka kanda moja kwenda nyingine. Sera hutaja kanda ya kuingilia na kanda ya kutokea, kisha ikasema ni kipi kiruhusiwe katika safari hiyo. Katika toleo hilo hilo uliingizwa uwezo mwingine: kuziruhusu pakiti zipite kwa uhuru kati ya kadi mbili zilizo katika kanda moja. Lakini katika toleo la 0.9.0 uwezo huo ulikuwa umefungwa mpaka fundi aufungue mwenyewe.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, lilikuja na toleo la 1.0.0, mwaka 2021. Toleo hilo lilikuwa na mambo mengi. Liliacha kuitegemea lugha ya Python ya toleo la pili. Liliziweka pamoja kanuni za kubadilisha anwani za IPv4 na IPv6 ambazo awali ziliandikwa mara mbili. Liliondoa huduma iliyoitwa tftp-client. Na likatangaza kwamba njia ya zamani ya kuandika kanuni za iptables moja kwa moja ndani ya firewalld haifai kutegemewa tena. Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa hili: uwezo ule wa kupitisha pakiti kati ya kadi za kanda moja, uliokuwa umefungwa mwaka 2020, sasa ulikuwa wazi tangu mwanzo katika kanda zinazokuja na programu yenyewe. Red Hat Enterprise Linux 9, uliotolewa mwezi Mei 2022, ulikuja na toleo la 1.0.0. Aliyetoka katika mfumo wa 8 kwenda wa 9 alivuka mpaka huo, ajue asijue.

Baadaye, mwaka 2023, toleo la 2.0.0 liliongeza njia ya kuzipa kanda namba za kutangulia, ili ijulikane ni ipi itakayoulizwa kwanza, na njia ya kuharakisha pakiti za mawasiliano yaliyokwisha kukubaliwa. Hizo ni nyongeza ambazo mtu asiyezihitaji aweza kuziacha. Mabadiliko ya mwaka 2021 hayakuwa ya namna hiyo, maana yalimhusu hata asiyeyaomba.

AMRI ZILE ZILE, MATOKEO MBALIMBALI

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, na ichukuliwe shule ya sekondari iliyo na kompyuta moja ya lango yenye kadi tatu za mtandao. Kadi ya kwanza inaelekea intaneti. Ya pili inaelekea maabara ya kompyuta ya wanafunzi. Ya tatu inaelekea ofisi, ambako zimo hesabu za mhasibu, alama za wanafunzi, na mitihani ya muhula ambayo bado haijafanywa.

Fundi, akitumia toleo la zamani, anaiweka kadi ya intaneti katika kanda ya "external," na kadi zote mbili za ndani katika kanda ya "internal." Anaona kwamba maabara yafika intaneti na ofisi yafika intaneti. Maabara haiwezi kuifikia ofisi, kwa kuwa ukuta unazikataa pakiti hizo. Huenda fundi hakulikusudia jambo hili; huenda hakulijua kabisa. Lakini shule inalindwa nalo. Kwa furaha anaziandika hatua zake katika daftari, nalo daftari linakuwa mali ya shule.

Miaka inapita, kompyuta inachakaa, inanunuliwa mpya na kuwekwa mfumo mpya. Fundi mwingine analifungua daftari na kuzifuata hatua zote kwa uaminifu. Maabara yafika intaneti, ofisi yafika intaneti, mwalimu mkuu anaridhika. Sasa, hata hivyo, kadi zote mbili zimo katika kanda moja inayopitisha pakiti kwa uhuru baina ya kadi zake. Mwanafunzi aliyeketi maabara aweza kubisha katika kila poti ya kompyuta ya mhasibu. Hakuna kengele iliyolia, wala neno la onyo lililoonekana kwenye kioo. Hakuna kosa lililofanywa, kwa maana ya kosa la kuandika amri.

Liko jambo jingine linalotatiza zaidi. Ruhusa hiyo ya kupitisha huandikwa ndani ya faili la kanda. Mafaili yanayokuja na programu hukaa mahali pamoja, na yale yaliyorekebishwa na fundi hukaa mahali pengine, nayo ya fundi ndiyo yenye nguvu. Basi shule iliyokuwa na faili lake lenyewe la kanda, ikalihifadhi wakati wa kuhamia toleo jipya, hubaki na tabia ya zamani, kwa sababu faili hilo halina lile neno jipya. Shule jirani iliyoanza upya hupata tabia mpya. Mafundi wa shule hizo mbili wakikutana na kulinganisha madaftari, watakuta amri ni zile zile, toleo ni lile lile, na kuta ni mbili tofauti. Mtu aliyefundishwa kukariri hana namna ya kulifumbua fumbo hilo.

Hatari ya njia za ndani si ya kubuni. Mwezi Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa muda wa siku chache, ikifunga mafaili ya watu na kudai fedha. Ilisafiri kupitia poti ya 445, ambayo hutumika kushirikiana mafaili, na ikishaingia katika kompyuta moja ilitafuta jirani zake katika mtandao ule ule wa ndani. Hospitali nyingi za Uingereza zilivurugika. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo, katika taarifa yake ya Oktoba 2017, ilieleza kwamba usimamizi mwema wa kuta za moto zinazokabili intaneti ungaliweza kuzikinga taasisi hizo, hata zile ambazo hazikuwa zimeweka marekebisho ya programu yaliyokwisha kutolewa mwezi Machi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lango la mbele lililofungwa kwa makufuli saba halimzuii mwizi aliyekwisha kuingia ikiwa milango ya vyumba vyote iko wazi.

JE, WATENGENEZAJI WAMEKOSEA?

Msomaji aweza kuharakisha kuwalaumu waliolitoa toleo la 1.0.0. Haki haiko upande huo peke yake.

Kwanza, mantiki yao ni sawa. Maana ya kanda ni kundi la watu wanaoaminiwa kwa kiasi kimoja. Ikiwa maabara na ofisi zimewekwa katika kanda moja, fundi ametamka kwamba zinaaminiana sawasawa. Kuzizuia zisizungumze ni kulipinga tamko lake mwenyewe. Katika mfano wa shule, kosa lilifanywa siku ile ya kwanza, wakati makundi mawili yasiyostahili kuaminiwa kwa kiasi kimoja yalipotiwa katika chungu kimoja. Toleo la zamani lililifunika kosa hilo; toleo jipya lililifunua.

Pili, jambo hili halikufanywa kwa siri. Uwezo huo uliingizwa kwanza ukiwa umefungwa, na mwaka uliofuata ukafunguliwa katika toleo lililobadili namba yake ya kwanza kutoka sifuri kuwa moja. Katika desturi ya waandishi wa programu, kubadilika kwa namba ya kwanza ni ishara ya kuwaambia watu: someni kabla ya kutumia. Maelezo ya toleo yaliyataja mabadiliko hayo waziwazi, na kila mtu aliweza kuyasoma bila malipo.

Walakini, hoja hizo haziwaondolei lawama zote. Iko tofauti kubwa kati ya badiliko linalofunga mlango na badiliko linaloufungua. Mlango ukifungwa kwa bahati mbaya, mwenye haja atalalamika siku hiyo hiyo, na kosa litarekebishwa. Mlango ukifunguliwa kwa bahati mbaya, hakuna atakayelalamika, kwa kuwa anayefaidika na mlango huo hana sababu ya kusema. Kwa hiyo vyombo vya ulinzi vyapaswa kuegemea upande wa kufunga. Fundi anayeandika amri ya zamani katika toleo jipya alistahili kuulizwa na programu yenyewe, hapo hapo kazini, kama ndivyo anavyotaka.

Lakini hata kama watengenezaji wangalikuwa wakamilifu, hawawezi kujua ni nani anayeketi upande wa pili wa kadi. Programu hujua namba za kadi. Haijui mwanafunzi ni nani wala mhasibu ni nani. Ujuzi huo uko shuleni, wala hauwezi kununuliwa pamoja na kompyuta.

WAJIBU WA SHULE

Hapa ndipo hoja inapowageukia walimu. Masomo ya kompyuta, mahali pengi, hufundishwa kama mapishi: andika hiki, bonyeza hapa, utaona kile. Sababu za kufanya hivyo zaeleweka. Vipindi ni vichache, kompyuta hazitoshi, na mtihani huuliza jina la kitufe. Tena husemwa kwamba programu za siku hizi zimekuwa nyepesi, na kwa hiyo hapana haja ya kumsumbua kijana kwa mambo ya pakiti na poti.

Hoja hiyo ya mwisho ni ya kupotosha. Wepesi wa programu ni wepesi wa kuandika, si wepesi wa kuelewa. Kadiri amri inavyokuwa fupi, ndivyo inavyobeba maana nyingi zaidi isiyoonekana, na ndivyo mabadiliko ya maana hiyo yanavyozidi kufichika. Aliyeandika kanuni hamsini za iptables kwa mkono alitaabika, lakini alijua alichoandika. Anayeandika neno moja la kanda anazitia sahihi kanuni hamsini zilizoandikwa na mtu mwingine, katika tarehe fulani, na zinazoweza kuandikwa upya mwakani.

Mambo matatu yaweza kufanywa bila gharama kubwa.

La kwanza ni kuandika nia kabla ya kuandika amri. Wanafunzi na wachore jedwali la nani amfikie nani. Katika mfano wa shule kuna pande tatu, yaani maabara, ofisi na intaneti. Kwa kuwa kila upande waweza kuelekea pande nyingine mbili, kuna safari 6 za kuamuliwa. Pande zikiwa 4, safari ni 12. Zikiwa 5, ni 20. Mwalimu wa hisabati ataitambua kanuni yake mara moja: pande zikiwa n, safari ni n mara n toa moja. Zoezi hili halihitaji hata umeme. Nalo huonyesha kwa nini binadamu husahau: kuongeza upande mmoja wakati pande ziko tano ni kuongeza safari kumi mpya, na kila moja yahitaji jibu.

La pili ni kuupima ukuta kutoka pande zote. Fundi wa mfano wetu alipima safari mbili tu, zile alizotaka zifaulu. Hakupima hata moja aliyotaka ishindwe. Huo ni upungufu wa sayansi, si wa kompyuta pekee. Mwanafunzi wa kemia hufundishwa kufanya jaribio la kulinganishia. Vivyo hivyo mlinzi wa mtandao hana budi kuketi maabara na kujaribu kuifikia ofisi, aone kwa macho yake kwamba amezuiwa. Kompyuta tatu kuukuu zatosha kwa somo hilo. Mfumo wa Linux na firewalld yenyewe hupatikana bila malipo, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma.

La tatu ni kusoma maelezo ya toleo kabla ya kuliweka, na kuliandika jina la toleo katika daftari kando ya kila hatua. Daftari lisilotaja toleo ni kama dawa isiyo na tarehe. Wanafunzi wapewe maelezo ya toleo moja, waambiwe wayapange mabadiliko yake katika mafungu matatu: yanayofungua mlango, yanayofunga mlango, na yasiyogusa mlango wowote. Kijana aliyefanya zoezi hilo mara mbili au tatu hatayaona tena maelezo hayo kama karatasi ya kutupwa.

Kuhusu shule iliyo katika hali iliyoelezwa, tiba yake ni nyepesi. Maabara iwekwe katika kanda yake na ofisi katika kanda yake, kwa kuwa ndivyo ukweli ulivyo. Baina ya kanda mbili pakiti hazipiti mpaka ziruhusiwe, na ikiwa ipo haja ya kweli, kwa mfano maabara kutumia mashine ya kuchapishia iliyoko ofisini, iandikwe sera moja inayoitaja huduma hiyo pekee. Ruhusa ya kupitisha ndani ya kanda yaweza pia kuondolewa kwa amri moja, lakini hiyo ni kuziba ufa. Kupanga kanda sawasawa ndiko kuujenga ukuta.

Nchi zetu zinazidi kuweka katika kompyuta mambo yaliyokuwa yakiwekwa katika makabati ya chuma: alama za mitihani, kumbukumbu za wagonjwa, hati za ardhi. Kabati lilikuwa na ufunguo mmoja, na aliyekuwa nao alijulikana. Ukuta wa moto una funguo nyingi, na baadhi yake hubadilishwa na watu walio mbali kila toleo jipya linapotoka. Hakuna ubaya katika kuvitumia vyombo vilivyotengenezwa na wengine. Ubaya ni kuvitumia bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Mtihani ulioibwa kutoka kompyuta ya ofisi hauulizi kama fundi alizifuata hatua za daftari. Utakuwa umekwisha kuibwa, na wanafunzi waliosoma kwa haki watakuwa wamekwisha kudhulumiwa.